Mstari Katikati ya Njia ya Kamba

4 Machi

Rula, mdogo wangu,

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako kila nikiipiga uko kwenye kikao. Barua haina kikao. Itakaa mezani kwako ikikutazama mpaka uisome.

Sisi wazima. Baba naye mzima, ila mikono inamkaza asubuhi. Bado hakubali kamba iondoke bila yeye kuishika ncha na kuivuta. Juzi aliamuru ifumuliwe kamba nzima ya mita sitini kwa sababu uzi mmoja ulilegea, na vijana wakanuna mpaka jioni. Mimi niko na cherehani yangu, na msimu huu ni sare za shule tupu. Nikifumba macho naona kola.

Sasa jambo lenyewe. Mama Redio amekuja na habari kwamba Tume yenu ya Mipaka inachora kata upya na kwamba yetu itakatwa vipande viwili. Unamjua jirani yetu huyu, habari zake unazigawa kwa tatu ndipo unapata ukweli. Lakini safari hii nimemwuliza hata diwani wetu, na yeye hajui kitu. Anasikia sikia tu kama sisi.

Wewe ulikuwa mdogo wakati tulipokuwa mkia wa kata ya sokoni. Sisi watu wa kamba tulipiga kura tangu enzi za babu, na hatukuwahi kupata hata mmoja wa kutusemea barazani. Wachache tulikuwa, na lugha yetu waliicheka. Bomba la maji liliishia kwenye kona ya soko miaka kumi na moja, mama akibeba ndoo. Tulipopewa kata yetu wenyewe ndipo tukapata diwani, na bomba, na mwalimu anayeweza kumsemesha mtoto wa darasa la kwanza akaelewa. Wakitukata katikati tutakuwa wachache huku na wachache kule, na diwani hatutampata tena popote.

Baba anasema haiwezekani. Anasema, "Mwanangu ndiye anayechora nchi. Angetuambia." Huo ndio wimbo wake kwa kila anayepita mbele ya gurudumu lake la kusokotea kamba, hata wasiouliza.

Basi tuambie. Ni kweli au si kweli?

Dada yako

*

9 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika salama na kweli imenitazama. Nimefurahi kusikia mko wazima. Naomba unieleze zaidi kuhusu mikono ya Baba. Inakaza vidole au kifundo? Je, anaikanda kwa maji ya moto? Hapa kuna duka la dawa karibu na ofisi, naweza kuuliza.

Kazi ni nyingi. Meza zetu zina vioo na taa chini yake, ramani ya juu inaonyesha ya chini, na mwisho wa siku macho yanawaka. Tuko wachoraji sita katika chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha amelikalia mzee wetu wa kazi.

Kuhusu lile jambo, siwezi kusema. Nimekula kiapo. Lakini sheria haijamficha mtu. Rasimu ikishatoka inabandikwa mahali pa wazi siku arobaini na tano, na kila mwananchi ana haki ya kuiona na kutoa maoni yake. Yenu imebandikwa ofisi ya wilaya tangu tarehe mosi. Nenda ukaiangalie. Mimi ni mchoraji tu, wanaoamua ni makamishna.

Tafadhali mwombe Baba asiwaambie watu kwamba mimi ndiye ninayechora nchi. Si kweli hata kidogo.

Mdogo wako,
Rula

*

13 Machi

Rula,

Vidole. Na anaikanda, mimi ndiye ninayechemsha maji. Hilo tumelimaliza.

Nimekwenda ofisi ya wilaya. Nimezunguka kila ubao wa matangazo. Nimesoma kuhusu mbwa wasiochanjwa, nimesoma kuhusu fundi bomba anayetafutwa, ramani hakuna. Nikamwuliza karani wa mapokezi, akanionyesha korido kwa kidevu. Nimekwenda nimerudi mara tatu. Mara ya nne akainuka mwenyewe kwa uvivu, akasema, "Iko hapo mama, nyuma ya mlango."

Iko nyuma ya mlango, kweli. Mlango wa korido hufunguliwa asubuhi na kuegemezwa ukutani mpaka jioni, na ramani imebandikwa upande ule unaotazama ukuta. Ili uione lazima uufunge mlango. Nikaufunga. Karani akasema, "Mlango huu haufungwi saa za kazi."

Nikamwuliza, "Na ofisi hufunguliwa saa ngapi zisizo za kazi?"

Akanipita, akaufungua mlango mwenyewe.

Kwa dakika mbili nilizopata nimeona karatasi yenye ukubwa wa daftari la shule, wilaya nzima imebanwa humo, kata yetu ni kama ukucha wa kidole kidogo. Miwani ninayo na bado sikuona kitu. Nikaomba nakala kubwa, nikaambiwa niandike kwa Katibu wa Tume. Nimeandika leo hii, kwa heshima zote, mpaka mwenyewe nimejishangaa.

Unasema sheria haijamficha mtu. Njoo uione ilivyojificha.

Dada yako

*

18 Machi

Ndugu Mwananchi,

YAH: OMBI LA NAKALA KUBWA YA RASIMU YA MIPAKA

Barua yako ya tarehe 13 Machi imepokelewa na kusomwa.

Tume imetimiza matakwa ya sheria ya kuionyesha rasimu mahali pa wazi. Sheria haikutaja ukubwa wa karatasi wala upande wa mlango. Nakala kubwa ni za matumizi ya ndani na hazitolewi.

Hata hivyo, mwananchi anaruhusiwa kuitazama rasimu saa za kazi na kuinakili kwa mkono.

Kikao cha kupokea maoni ya wakazi wa kata yako kitafanyika Alhamisi, tarehe 11 Aprili, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa shule ya msingi. Watu wote mnakaribishwa.

Katibu wa Tume ya Mipaka

*

22 Machi

Mdogo wangu,

Katibu wenu amenipa ruhusa ya kunakili kwa mkono, na sidhani alijua anamwandikia fundi nguo.

Nilikwenda na karatasi yangu nyembamba ya kukatia vielelezo, penseli na barua yake. Karani alipoanza habari za mlango nikampa barua aisome. Akaisoma mara mbili. Halafu akaniletea kiti. Nimekaa siku mbili nyuma ya mlango uliofungwa, watu wakipita kwa upande wa pili kwa kuzunguka jengo, wakinilaani. Nimenakili kata yetu, mstari kwa mstari. Nyumbani nikaikuza jinsi ninavyokuza kielelezo cha gauni la mtoto kuwa la mama yake, mraba kwa mraba, mpaka imejaa meza ya kukatia na kuning'inia pembeni.

Mstari unapita katikati ya njia ya kamba, Rula. Katikati kabisa, toka mwanzo hadi mwisho. Nyumba za kushoto zinakwenda kata ya sokoni, nyumba za kulia zinakwenda kata ya kiwanda cha ngozi. Nyumba yetu iko kushoto na gurudumu la Baba liko kulia. Anatoka kitandani kata moja, anafanya kazi kata nyingine.

Wewe unajua kwa nini njia ile ni pana. Mgeni anaweza kudhani ni barabara kuu. Babu na wenzake waliipima wenyewe ili kamba mbili ziweze kunyooshwa bega kwa bega, na nyumba zikawekwa huku na huku ili kila mtu atoke mlangoni na kushika uzi. Ule ni ua wetu. Hakuna gari linalopita pale mchana, liko wapi la kuthubutu mbele ya Baba.

Sasa sikiliza. Nilinakili kila kitu, sikuacha hata nukta, kwa sababu fundi anayeacha nukta anaharibu kitambaa. Nikafika pembe ya chini palipoandikwa "Imechorwa na". Mkono ukaifuata saini ile kabla macho hayajaisoma. Ina herufi yenye mkia unaorudi nyuma. Ninazo bahasha kabati zima zenye mkia huo.

Nyumbani nimekaa nikaitazama mpaka maji ya Baba yakakaukia jikoni. Kisha nikaikata pembe hiyo kwa mkasi na kuitia mfukoni. Baba hajaiona. Aliinama juu ya ramani, akafuata mstari kwa kidole, akasema mwanangu hakuwepo siku walipochora huu, lazima alikuwa likizo.

Niandikie wewe mwenyewe. Usiniulize habari za vidole.

Dada yako

*

27 Machi

Dada, shikamoo.

Mstari ule niliuchora mimi. Sikuwa likizo.

Nimeandika sentensi hiyo na kuchana karatasi mara nne, kwa hiyo nisome mpaka mwisho hata kama umekasirika.

Kata zinatakiwa zikaribiane kwa idadi ya watu. Yetu ilikuwa imezidi, mbili za jirani zimepungua. Mezani kwetu tuna desturi: ukitakiwa kukata, tafuta barabara iliyo pana kuliko zote na upitishe mstari katikati, kwa maana barabara pana kwa kawaida hutenga watu. Kwenye picha iliyopigwa toka angani njia yetu ndiyo pana kuliko zote, na imenyooka. Mchoraji yeyote angeichagua.

Lakini tuna desturi nyingine. Mchoraji akiwa na shaka anaweka alama ya kuuliza kwa penseli nyekundu pembeni mwa mstari, na kabla ya rasimu kutoka watu wanatumwa kwenda kutazama kwa macho. Mimi naziweka nyingi, wenzangu hunitania kwa hilo. Nimeziweka kwa ajili ya wafuga nyuki wa milimani ambao sijawahi kuwaona. Kwetu sikuiweka.

Niliogopa, Dada. Kila mtu chumbani anajua natoka wapi. Nilijiambia nikiuliza swali hapa watasema anawapendelea watu wake, na kazi yangu yote ya miaka tisa itaonekana ni ya upendeleo. Nikataka niwe safi kupita kiasi. Nikawanyima watu wangu swali ninalompa kila mtu mwingine. Siku ile nilijisifu moyoni kwa kuwa mwaminifu. Ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Siwezi kukupa siri yoyote na sitakupa. Lakini yafuatayo si siri, yamechapwa. Kifungu cha tisa cha sheria ya mipaka kinasema jamii ndogo yenye maslahi mamoja isigawanywe pale ambapo mstari mwingine unawezekana. Na hesabu za watu, mtaa kwa mtaa, ziko maktaba ya wilaya, kabati la chini. Atakayekuja kikaoni na malalamiko ataandikwa. Atakayekuja na mstari mwingine na hesabu zake, lazima ajibiwe.

Nimepangwa kufuatana na makamishna tarehe 11 kushika ramani. Siruhusiwi kuzungumza na mkazi yeyote, hata wewe.

Baba usimwambie bado. Au mwambie. Sijui.

Rula

*

6 Aprili

Rula,

Nilikasirika siku tatu. Nimeshona mikono ya mashati kinyume kwa ajili yako. Siku ya nne nikasoma tena pale uliposema ulijisifu, nikalia, halafu nikakasirika tena, lakini kidogo.

Sikuombi utusaidie. Nataka tu usitudanganye tena, hata kwa kuuliza habari za dawa ya vidole.

Hukuweka alama ya kuuliza. Basi tutaiweka sisi.

Nimekwenda maktaba. Kabati la chini lilikuwa limezibwa na feni mbovu, nikaisogeza. Hesabu ziko, lakini ni za miaka sita iliyopita, kwa hiyo tumepita nyumba kwa nyumba wenyewe, mimi upande wa kushoto na Mama Redio upande wa kulia. Sitasema tena kwamba habari zake zigawiwe kwa tatu. Anajua nani kalala wapi tangu mwaka gani. Tumepata kwamba mstari ukipita kwenye mfereji wa maji machafu ulio nyuma ya kiwanda cha ngozi, ambao mtu hawezi hata kuuvuka bila ubao, kata zote tatu zinakaribiana, na yetu inabaki nzima. Wanaotoka kwetu ni wale wa nyumba mpya za ng'ambo ya mfereji. Tumewauliza pia, kwa sababu nao ni watu. Wamesema shule na zahanati zao ziko ng'ambo hiyohiyo, wao wanashukuru.

Baba atatoa ushahidi. Amekataa kuandikiwa. Anasema atasema kwa lugha yetu, na Tume itafute mkalimani, kwani hilo nalo limo kwenye sheria, nimemsomea mwenyewe. Pembe ya ramani bado iko mfukoni mwangu. Nilitaka kumwambia jana, akaanza kumweleza muuza maziwa jinsi mwanawe anavyochora nchi. Nikashindwa.

Siku hiyo mimi sitakuwa ukumbini. Nitakuwa njiani na wanawake, tuna shughuli. Walete makamishna wako nje wakimaliza.

Dada yako

*

12 Aprili

Dada, shikamoo.

Kikao kilipokwisha niliingizwa kwenye gari la Tume kuwasubiri makamishna, sikuruhusiwa hata kushuka. Nimekuona kwa dirisha tu, umeshika ncha ya kamba. Wewe hukuwepo ukumbini, kwa hiyo lazima nikueleze yaliyotokea mle kabla hujaelezwa na wengine.

Ukumbi ulijaa, watu walikaa hata madirishani. Nilisimama nyuma ya makamishna na ramani kubwa mkononi, ile ya matumizi ya ndani. Baba aliniona akatabasamu, akamgusa jirani yake kwa kiwiko.

Diwani alieleza hesabu zenu na mstari wa mfereji. Alizisoma vizuri. Kamishna mmoja akaanza kuzikagua kwa kalamu, akazikagua mara ya pili, akaiweka kalamu chini. Kisha Baba akaitwa. Akasimama, akaanza kwa lugha yetu. Mwenyekiti akauliza mkalimani yuko wapi. Katibu akapekua karatasi. Hakukuwa na mkalimani, walisahau. Mwenyekiti akatutazama sisi wa nyuma yake, akauliza kama kuna mtumishi wa Tume anayeijua lugha hii. Nikainua mkono. Nikaapishwa, mara ya pili maishani mwangu, nitafsiri bila kuongeza wala kupunguza.

Baba alieleza njia ilivyopimwa na jinsi kamba moja inavyohitaji mikono ya pande zote mbili. Nilitafsiri. Kisha akauelekeza mkono kwenye ramani niliyokuwa nimeishika mimi, akasema polepole ili nipate nafasi. Nikatafsiri neno kwa neno, nikitumia "mimi" kama sheria inavyotaka: "Mimi nasema aliyechora mstari huu hakulelewa. Angekuwa na baba, angeshikwa mkono akapitishwa hapa, akaambiwa hii ni kazi yetu na hii ni nyumba yetu. Namhurumia, kwa kuwa hana kwao."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akaniuliza, "Shahidi amemaliza?"

Nikasema, "Mzee amemaliza. Sasa nasema mwenyewe. Mstari huu niliuchora mimi. Huyu ni baba yangu. Nilikuwa na shaka sikuiandika, na kila sehemu nyingine nimeiandika. Naomba liingizwe kwenye kumbukumbu."

Nilisema kwa lugha ya serikali. Halafu nikarudia kwa lugha yetu, ili Baba alisikie kwa lugha aliyonilea nayo.

Watu waligeuka kunitazama, Dada. Nilisikia viti vikilia. Baba alinitazama kidogo, akachukua kofia yake, akatoka. Sikuona uso wake.

Niambie alikokwenda.

Rula

*

16 Aprili

Mdogo wangu,

Alikuja kwetu, njiani. Wacha nikupe nusu yangu.

Asubuhi ile tulinyoosha kamba moja nene kwenye mstari wako, katikati kabisa ya njia, nimeipima kwa futi yangu ya kushonea. Hatukuandika bango. Hatukuimba. Tulianza kazi kama siku zote, gurudumu kulia, katani kushoto, wasokotaji wakirudi kinyumenyume na nyuzi viunoni. Kila aliyehitaji kitu alilazimika kuuruka mpaka wa Tume. Mama Redio aliuruka mara thelathini na sita, alihesabu.

Makamishna walipotoka ukumbini walitukuta hivyo. Mwenyekiti aliuliza ile kamba ya katikati ni ya nini. Nikamjibu, "Ndiyo mstari wenu, mheshimiwa. Tunaufanyia majaribio." Akasimama pale akiifuata kamba kwa macho. Mara akaja msichana anasokota kinyumenyume, hakumwona, ikambidi mwenyekiti mwenyewe auruke mstari kumpisha, na koti lake, na viatu vyake. Kamishna mmoja alicheka. Yeye hakucheka. Aliniomba nimwonyeshe mfereji, nikampeleka, akafunika pua, akasimama kwenye ubao, akasema, "Huu ndio mpaka," na mwandishi wake akaandika.

Niliona fahari, Rula, sitaki kukuficha. Nilitazama njia nzima, watoto na wazee, kila mtu ameshika kitu, na hakuna aliyepaza sauti. Nikasema hawa ndio watu wangu.

Baba alifika tukiwa tumerudi. Tayari wote tulikuwa tumeshapata habari, unajua habari zinavyokimbia hapa. Alikwenda mwisho wa kamba iliyokuwa ikisokotwa, akaishika ncha, akaivuta, akaitikia kwa kichwa kwamba iko sawa. Nikampa ile pembe ya ramani. Akaitazama, akaitia mfukoni mwake.

Mpaka leo hajalitaja jina lako. Wala hamwambii tena muuza maziwa kitu. Lakini mimi nitakuambia: nilikuwa na mdogo wangu mchora ramani, na sasa nina mdogo wangu. Hata ukikaa mwaka bila kusikia neno la Baba, la kwangu ndilo hilo.

Dada yako

*

20 Mei

Dada, shikamoo.

Nimeondolewa mezani. Hawakunifukuza, kwa kuwa mwenyekiti alikataa, lakini Katibu amesema mchoraji anayejitangaza hadharani hafai tena kuchora. Nimepelekwa masjala ya maoni, chumba cha chini, napokea barua za wananchi, nazifungua na kuziandikisha. Wenzangu walinisindikiza kwenye ngazi kama ninakwenda kuzikwa.

Sijawahi kufanya kazi niipendayo hivi. Kuna agizo jipya la mwenyekiti: kila rasimu itolewe kwa ukubwa unaosomeka, ibandikwe katika mtaa unaohusika, na anayeomba nakala apewe. Jana niliwafungia wafuga nyuki ramani yao, kubwa kama shuka. Nikatembea nayo posta mwenyewe.

Kumbukumbu za kikao chenu nazo zimechapwa, ziko ofisi ya wilaya kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Shahidi akiona amesema kitu kisicho sawa, ana siku sitini za kuomba kisahihishwe.

Uamuzi sitakuambia. Utauona ukibandikwa, pamoja na kila mtu.

Baba amesema neno?

Rula

*

28 Mei

Rula,

Wamebandika leo saa mbili asubuhi, kwenye ukuta wa chumba changu cha kushonea, karatasi kubwa mpaka imeziba dirisha na ninashona kwa taa. Wacha izibe.

Kata moja. Mstari uko kwenye mfereji. Diwani aliusoma kwa sauti, halafu tukadai ausome tena kwa lugha yetu, akausoma, na wazee wakaomba mara ya tatu bila sababu yoyote ila kusikia. Nyumba zote, kushoto na kulia, zimo. Nilikuwa nimejiandaa kushindwa na nilikuwa na maneno ya kushindwa tayari. Ya kushinda sikuwa nayo, nikasimama tu kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Baba aliufuata mpaka wote kwa kidole. Kisha akaondoka peke yake na akarudi mchana, kumbe alikuwa ofisi ya wilaya anasoma. Akaniomba karatasi na kalamu. Nikasema, "Sema mimi nikuandikie, vidole vyako hivyo." Akanikatalia. Ameandika mwenyewe kwa lugha ya serikali, toka saa nane hadi magharibi, akinifukuza kila nikisogea. Bahasha ameifunga na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta. Si yako, ina anwani ya Katibu. Sijui ameandika nini.

Dada yako

*

28 Mei

Kwa Katibu wa Tume ya Mipaka,
kupitia masjala ya maoni.

Ndugu Katibu,

Mimi ni msokota kamba. Nilitoa ushahidi mbele ya Tume tarehe 11 Aprili katika ukumbi wa shule. Leo nimekwenda kusoma kumbukumbu zilizochapwa. Maneno yangu yameandikwa kama nilivyosema, mkalimani hakupunguza kitu, ingawa angeweza, maana mle ndani hakuna mwingine wa Tume aliyekuwa akinielewa.

Naomba kusahihisha jambo moja. Katika ukurasa wa kumi na nne nimesema kwamba aliyechora mstari ule hakulelewa na hana kwao. Nilisema hivyo nikiwa nimeapa, na si kweli, kwa hiyo haifai kubaki katika kitabu cha serikali ambacho kila mtu anaweza kukisoma.

Tafadhali futeni, na badala yake muandike kwamba alilelewa. Nilimlea mimi na marehemu mama yake, na kazi ile tuliifanya vizuri.

Msokota kamba,
baba wa mchora ramani